Kamba ya Fremont: kiwanda kilekile, watu walewale

Kila nilipokaa na watu wa utawala na rasilimali watu, mazungumzo yakifika kwenye migogoro kuna kauli haikosi: "Hapa shida ni watu." Watu ni watoro, chama cha wafanyakazi ni kikorofi, vijana hawajitumi, wangeondolewa hawa wakaletwa wengine, mambo yangenyooka. Ni kauli ngumu kuipima, kwa sababu ni nadra mno uongozi na taratibu zote zibadilike huku wafanyakazi wakibaki walewale. Jambo hilo lilitokea kwa ukubwa, na watafiti wakalifuatilia kwa karibu, katika kiwanda cha magari mjini Fremont, California. Ndicho kisa ninachokichambua hapa. Nitakaa zaidi kwenye kitu kimoja kidogo kilichoning'inia juu ya vichwa vya wafanyakazi, yaani kamba.

Hali ilivyokuwa

General Motors (GM) ilianza kuunganisha magari Fremont mwaka 1963. Hadi ilipokifunga kiwanda mwaka 1982, migomo ya ghafla isiyo na baraka za chama, pamoja na siku ambazo watu walikubaliana kuugua wote kwa pamoja, ilikuwa imekisimamisha mara 4. Malalamiko rasmi yaliyokuwa hayajatatuliwa mara nyingi yalizidi 1,000. Utoro ulikuwa karibu asilimia 20, yaani siku ya kawaida mfanyakazi mmoja kati ya watano hayupo. Pombe na dawa za kulevya zilitumika kazini na nje ya kazi. Tija ilikuwa miongoni mwa za chini kabisa katika viwanda vyote vya GM, na ubora wa magari ulikuwa wa kutia aibu.

Ile takwimu ya utoro husomwa haraka ikapitwa, lakini ukiitazama kwa karibu ndiyo inayofungua kisa chote. Kwenye laini ya kuunganisha magari, gari linapita mbele ya mfanyakazi kila baada ya dakika moja hivi. Tuseme anayekaza boliti za kiti hajaja leo. Msimamizi anamchomoa mtu sehemu nyingine, anamsimamisha pale. Mgeni huyu hajui boliti ipi inaanza. Mikono yake inachelewa, gari linasogea, na boliti moja inaondoka ikiwa imeshikiliwa na nyuzi mbili tu. Aliye kituo kinachofuata ameiona. Afanye nini? Sheria ya GM, iliyojulikana na wote hata bila kuandikwa ukutani, ilikuwa kwamba laini haisimami. Msimamizi alipimwa kwa idadi ya magari yaliyotoka, na gari lenye kasoro lingetengenezwa baadaye mwisho wa laini au uani. Kwa hiyo aliyeona ananyamaza. Kesho ananyamaza tena. Akinyamaza hivyo kwa miaka kumi, hakuna hotuba ya mkurugenzi itakayomshawishi kwamba ubora ni wajibu wake.

Mwanauchumi Albert Hirschman alifundisha kwamba mtu asiyeridhika na taasisi ana njia mbili kubwa: kuondoka, au kusema. Mishahara ya kiwanda cha magari wakati ule ilikuwa mizuri, hivyo kuacha kazi kulikuwa hasara. Kusema kulikuwa hakuzai kitu. Ninavyousoma mimi utoro wa Fremont, ulikuwa kuondoka kwa vipande, siku moja moja, ukiacha jina lako kwenye daftari la mishahara.

Mgogoro uliobaki uliingia kwenye makaratasi. Mkataba wa hali bora ulikuwa umegawa kazi katika kada zilizohesabika kwa makumi, na mtu wa kada hii hakugusa kazi ya kada ile. Utawala uliuita huo ukorofi wa chama. Mimi nauona kama ngao. Mtu asiyemwamini anayempa amri hutaka kila kitu kiandikwe, hata nani ashike spana gani, kwa sababu kila mwanya ulioachwa wazi umewahi kutumika dhidi yake. Na wasimamizi nao waliitumia karatasi hiyohiyo: barua ya onyo huku, lalamiko rasmi kule, kila upande ukiweka akiba yake kwa siku ya mapambano.

Kuajiri walewale

Februari 1983, kiwanda kikiwa kimefungwa, GM na Toyota zilitia saini makubaliano ya kukifungua tena kwa ubia wa nusu kwa nusu. GM ilitaka kujifunza namna ya kutengeneza magari madogo yenye ubora. Toyota ilitaka kujua kama njia zake zingefanya kazi kwa wafanyakazi wa Marekani, wakati ambapo Japani ilikuwa imebanwa kupunguza magari inayouza nchini humo. Kampuni mpya ikaitwa New United Motor Manufacturing, kwa kifupi NUMMI, na rais wake wa kwanza akawa Tatsuro Toyoda, mtu wa ukoo wenyewe.

Hapo ndipo uamuzi wa rasilimali watu ulipokuja, na nadhani ndio ulioamua mengine yote. Toyota haikuwa na hamu ya kufanya kazi na chama kilekile. UAW, chama cha wafanyakazi wa magari cha Marekani, kwa upande wake kilikuwa na maelfu ya wanachama waliokaa nyumbani bila kazi. Aliyetumwa kuzungumza nacho ni William Usery, aliyewahi kuwa Waziri wa Kazi wa Marekani. Septemba 1983 yakafikiwa makubaliano: chama kitatambuliwa, wengi wa waajiriwa watatoka kwa walioachishwa Fremont, mishahara itakuwa ya kiwango cha sekta ya magari ya Marekani; chama nacho kitakubali kada chache sana na taratibu mpya za kazi. Mwishowe karibu asilimia 85 ya wafanyakazi wa kwanza walitoka kiwanda cha zamani, wakiwemo viongozi wa chama waliokuwa wakisumbuana na utawala wa awali.

Nakubali kwamba hawakuwa "walewale" kwa kila hali. Walikuwa wamekaa bila kazi hiyo kwa takriban miaka miwili, na wengi walijua hakuna kiwanda kingine cha magari kilichokuwa kinawasubiri jirani. Njaa inafundisha utii. Mtu anayekisimulia kisa hiki bila kuitaja njaa hiyo anakirembesha. Lakini hofu peke yake haitoshi kueleza yaliyofuata, maana hofu ilikuwepo hata miaka ya mwisho ya GM, na haikupunguza utoro wala kasoro. Tena hofu hufifia mtu akishazoea mshahara, ilhali mabadiliko ya Fremont yalidumu.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Toyota yenyewe ilikuwa imewahi kuonja mgogoro mkali. Mwaka 1950, kampuni ikielekea kufilisika, ilipunguza wafanyakazi, mgomo ukalipuka, na mwanzilishi wake Kiichiro Toyoda akajiuzulu. Kampuni iliyotoka humo ilitilia mkazo sana kutopunguza watu ovyo. Kwa hiyo waliokuja Fremont hawakuja na utamaduni wa Kijapani wa kupenda amani, kama wengi walivyodhani. Walikuja na taratibu zilizozaliwa na mgogoro wao wenyewe.

Kamba

Viongozi wa timu na wa vikundi wapatao 450 walipelekwa Japani kwa wiki 3, wakafanye kazi kwenye laini ya kiwanda cha Takaoka bega kwa bega na wenyeji. Walichokiona huko ndicho walichorudi nacho. Uzalishaji ukaanza Desemba 1984, gari la kwanza likiwa Chevrolet Nova.

Juu ya laini, kila kituo, ilipita kamba. Mfanyakazi akiona kasoro, akichelewa, boliti ikikataa, anaivuta. Taa inawaka kwenye ubao unaoonyesha kituo gani, muziki mfupi unapiga, na kiongozi wa timu anakuja. Laini haisimami papo hapo. Kuna sekunde za kusaidiana kabla gari halijafika mwisho wa kituo. Wakilimaliza tatizo, kamba inavutwa tena na kazi inaendelea. Wasipolimaliza, laini inasimama.

Kwa mtu aliyetoka katika kiwanda ambacho kusimamisha laini lilikuwa kosa la kukugharimu ajira, kamba ile ilitisha. Swali alilokuwa nalo kichwani halikuwa la kiufundi. Alitaka kujua: nikivuta, atakayekuja atakuja na uso gani? Kama anakuja akiuliza "nani amevuta?", kamba imekufa siku hiyohiyo, hata ikiendelea kuning'inia. Kama anakuja akiuliza "kuna nini?", na kweli anainama kutazama boliti, basi mamlaka ya kuamua yamehama kutoka ofisini kwenda kwa mtu mwenye spana mkononi.

Utafiti uliokuja baadaye unalieleza hili vizuri. Mtafiti Amy Edmondson, alipokuwa akichunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali, alitarajia timu bora ziwe na makosa machache. Alikuta timu zenye uongozi mzuri ndizo zenye makosa mengi zaidi kwenye rekodi. Maelezo yaliyomwingia akilini ni kwamba huko watu waliyasema, kwingine waliyaficha. Kwa hiyo meneja anayefurahia kwamba mwezi huu hakuna lalamiko hata moja anapaswa kwanza ajiulize kama lingeletwa.

Timu zilikuwa za watu 5 hadi 7, kila moja na kiongozi ambaye naye ni mwanachama wa chama. Kada za wazalishaji zikabaki 1, na za mafundi 2. Watu walizungushwa vituo. Mameneja na wafanyakazi walikula kantini moja na kuegesha magari popote palipo wazi. Haya ya kantini hupendwa sana kwenye semina kwa kuwa ni rahisi kuyaiga. Ndiyo maana sitakaa nayo.

Saa ya kupimia mikononi mwa nani

Mtafiti aliyekichambua kiwanda hiki kwa kina zaidi ni Paul Adler wa Chuo Kikuu cha Southern California, na alichokiona kinaenda kinyume na mawazo ya wengi. NUMMI haikuwa mahali pa uhuru wa kufanya unavyotaka. Kazi ilipangwa kwa ukali mkubwa: mkono wa kulia unachukua nini, wa kushoto unafanya nini, sekunde ngapi. Enzi za GM, viwango hivyo viliwekwa na wahandisi waliomjia mfanyakazi na saa ya kupimia. Naye mfanyakazi, akijua akienda haraka ataongezewa kazi, alijikokota makusudi mbele yao. Kila upande ulimdanganya mwenzake, na kiwango kilichoandikwa hakikumhusu mtu.

NUMMI saa iliwekwa mikononi mwa timu zenyewe. Walipimana, wakalinganisha njia za kila mmoja, wakachagua iliyo salama na ya haraka, wakaiandika. Aliyegundua njia bora aliipendekeza, na ikikubaliwa ilikuwa ndiyo kiwango kipya kwa wote, zamu zote. Adler na mwenzake Bryan Borys waliandika mwaka 1996 kwamba kuna urasimu wa kuwezesha na urasimu wa kushurutisha. Karatasi inaweza kuwa ileile, tofauti ikawa ni nani aliyeiandika na kama inaweza kubadilishwa na anayeitumia. Kwangu mimi hilo ndilo wazo lenye thamani kuliko yote katika fasihi ya kisa hiki, maana linatuondoa kwenye ubishi usioisha wa sheria nyingi dhidi ya sheria chache.

Mapendekezo nayo yanaonyesha hivyo. Mwaka 1986 asilimia 26 ya wafanyakazi walishiriki kutoa mapendekezo. Mwaka 1991 walikuwa asilimia 92, na zaidi ya mapendekezo 10,000 yalitolewa mwaka huo, zaidi ya asilimia 80 yakatekelezwa. Namba hiyo ya mwisho ndiyo ya kuishika. Tunayajua masanduku ya maoni ya ofisi zetu, kufuli imeshika kutu na ufunguo haujulikani uko kwa nani. Watu hawaachi kutoa maoni kwa uvivu. Wanaacha baada ya kuandika mara ya tatu bila jibu.

Matokeo ya kiwanda yalipimwa na watafiti wa chuo cha MIT. Kiwanda cha GM cha Framingham, Massachusetts, kilitumia saa 31 za kazi kuunganisha gari moja mwaka 1986, kikiwa na kasoro 135 kwa kila magari 100. Takaoka kilitumia saa 16 na kasoro 45. NUMMI mwaka 1987 ilitumia saa 19, kasoro 45, sawa na Japani, ikiwa na majengo ya zamani na watu waliokuwa wameitwa wabovu kuliko wote. Utoro ulishuka hadi asilimia 3 au 4.

Upande wa wanaopinga

Sasa nije kwa wanaokipinga kisa hiki, kwa sababu hoja yao ni nzito. Kwa mujibu wa Adler, mfanyakazi wa enzi za GM alikuwa kazini kweli kwa sekunde 45 hivi katika kila sekunde 60. Wa NUMMI, sekunde 57. Sekunde hizo 12 zilizopotea ndizo mtu alizotumia kunyoosha mgongo, kufuta jasho, kumwambia mwenzake neno. Mike Parker na Jane Slaughter, waandishi wa upande wa harakati za wafanyakazi, waliuita mfumo huu uongozi kwa msongo: ondoa kila nafasi ya kupumua, kisha panapokatika ndipo urekebishe. Ndani ya chama chenyewe palikuwa na kundi la upinzani lililosema viongozi wamekaa karibu mno na utawala.

Mwaka 1993 mamlaka ya usalama kazini ya California iliikuta NUMMI na makosa ya kutozingatia vya kutosha namna miili ya wafanyakazi inavyoumia, wakati wa kuingiza toleo jipya la gari. Adler na wenzake waliliandikia tukio hilo utafiti mzima, nami nawaheshimu kwa hilo, maana alikuwa ameshaisifu sana kampuni hiyo. Migongo na vifundo vya mikono viliuma kwa sababu mabadiliko yalikwenda kasi kuliko uwezo wa timu kuyapanga upya. Kamba ilikuwepo, lakini maumivu ya kifundo hayaji kwa sekunde moja kama boliti iliyokataa. Yanajijenga kwa miezi, na hapo huna wakati maalumu wa kuvuta.

Hata hivyo wafanyakazi walipoulizwa, walioridhika na kazi yao walikuwa asilimia 65 mwaka 1985, wakafika asilimia 90 mwaka 1991. Waliojua vizuri sekunde 45 za zamani walizipima pamoja na matusi, kasoro na aibu ya kutengeneza gari ambalo wewe mwenyewe usingelinunua. Sidhani tuna haki ya kuwasahihisha kuhusu miili na maisha yao. Wala hatuna haki ya kuyatumia majibu yao kufunika vifundo vilivyovimba.

Kilichoyashikilia haya yote ni uamuzi wa mwaka 1988. Magari ya Nova hayakuuzika, kiwanda kikafanya kazi chini ya asilimia 60 ya uwezo wake. Mkataba wa 1985 ulikuwa umeahidi kwamba mtu hatapunguzwa kazi ila kampuni ikiwa hatarini kweli, na kabla ya hapo utawala ungekata mishahara ya wakubwa na kurudisha ndani kazi zilizopewa makandarasi. Wengi walisubiri barua. Haikutoka. Waliokosa kazi kwenye laini waliwekwa kwenye mafunzo na miradi ya kuboresha vituo. Fikiria mtu aliyependekeza njia ya kuokoa sekunde 3, huku anajua sekunde hizo zikijumlishwa zinaweza kuwa ajira ya jirani yake. Mwaka 1988 alipata jibu.

Kwa nini GM haikuweza kuiga

GM ilikuwa na nusu ya kiwanda. Iliwaleta mameneja wake, wakapiga picha, wakahesabu mashine. Haikufichwa kitu. Mwaka 1987 ilipeleka mfumo wa timu kwenye kiwanda chake cha Van Nuys, kusini mwa jimbo hilohilo. Chama kikagawanyika, wasimamizi waliendelea kuthamini wingi wa magari, na mwaka 1992 kiwanda kikafungwa. Ni rahisi kununua kamba. Kinachoshinda watu ni kumlipa mshahara msimamizi ambaye kazi yake ni kukimbilia kamba inapovutwa, kuuvumilia usimamaji wa laini katika miezi ya mwanzo, na kumpa chama ahadi inayofunga mikono ya makao makuu mauzo yakishuka. Hayo hayapigiki picha.

Nalisema hili nikiwa na viwanda vyetu akilini. Tangu 2013 Tanzania imekuwa na mradi wa kaizen, yaani uboreshaji wa kazi hatua kwa hatua, chini ya wizara ya viwanda kwa ushirikiano na JICA, shirika la misaada la Japani, na hospitali zilitangulia kwa mbinu za kupanga sehemu za kazi. Nimeona karakana zilizopigwa mistari ya njano sakafuni, kila nyundo na kivuli chake ukutani, pazuri kweli. Swali langu nikifika huwa moja: mara ya mwisho kijana wa hapa kusimamisha kazi kwa hiari yake ilikuwa lini, na baadaye ilikuwaje? Jibu la sehemu ya pili huja polepole, mtu akiangalia kwanza mlango wa ofisi.

NUMMI iliendelea kwa miaka 25. Mwaka 2009 GM, ikiwa mahakamani kwa kufilisika, ilijitoa kwenye ubia. Toyota ikaamua kutobaki peke yake. Hakuna aliyesema wafanyakazi hawakufaa. Uamuzi ulihusu soko na gharama, ukafanywa mbali na laini. Tarehe 1 Aprili 2010 Corolla ya mwisho ilipita kituo baada ya kituo, kila timu ikimaliza sehemu yake, na watu wapatao 4,700 wakapoteza ajira. Kila mmoja wao alikuwa na mamlaka ya kuisimamisha laini kwa ajili ya boliti moja. Kamba ya kusimamisha uamuzi ule haikuwekwa popote.